Kilo za Nyasi Zilizonivisha Shuka

Mimi ni mtu mzima, nina mke na watoto wawili, nina shahada mbili ambazo mama yangu alizitundika sebuleni kwake juu ya televisheni, na bado kuna akina mama fulani pale Ruiru ambao wakiniona nikipita sokoni mmoja anamgusa mwenzake kwa kiwiko na wote wanageuka kuangalia nyanya ili wasinichekee usoni. Nimejaribu kulisimulia jambo hili mara kadhaa, lakini nikianza tu mke wangu Njoki anacheka kabla sijafika mahali penye uchungu, na mimi nakata tamaa nanyamaza. Ninyi nimewazoea, na leo nimechoka kiasi cha kutojali tena nani atacheka, kwa hivyo sogezeni viti niwaambie.

Kwanza mjue kazi yangu, maana bila hiyo hamtaiona aibu iko wapi. Mimi natengeneza nyasi. (Siku nilipopelekwa kujitambulisha kwa kina Njoki, mjomba wake aliniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia hivyo hivyo, akafikiri kidogo akauliza kwani siku hizi nyasi haimei yenyewe, na wazee wote wakatazama vikombe vyao.) Kituo chetu kiko nje kidogo ya mji wa Thika, na kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka nimekuwa nikihangaika na nyasi ya Rhodes, ile ambayo wafugaji huikata, wakaianika na kuifunga marobota.

Ninachotengeneza kinaitwa aina ya sintetiki. Si plastiki, hilo nimeulizwa hata na askari wa barabarani. Unachagua mashina machache yaliyo bora kabisa, yetu yalikuwa sita, unayapanda pamoja mbali na nyasi nyingine, upepo unayachanganya chavua yenyewe kwa yenyewe, kisha unavuna mbegu zote na kuzitia kwenye gunia moja. Watoto wa kwanza wa mchanganyiko huo huwa na nguvu za ajabu, wanawapita wazazi wao wote. Shida ni kwamba mbegu hiyo ya kwanza huwa kidogo sana, haitoshi kumuuzia mkulima, kwa hivyo lazima uipande tena ipate kuongezeka, na kizazi cha pili nguvu hushuka kwa sababu sasa ndugu wanaoana na ndugu, halafu baada ya hapo inatulia. Uzuri ni kwamba unaweza kukadiria itashukia wapi hata kabla hujapanda. Unachukua ile nguvu ambayo watoto waliwazidi wazazi, unaigawa kwa idadi ya wazazi, unatoa fungu moja kwenye mavuno ya watoto, na kinachobaki ndicho mkulima atakachokipata shambani kwake. Hesabu yenyewe ni ya mtoto wa shule ya msingi, lakini namba za kuweka ndani yake nilizitafuta kwa miaka, nimeinama juani nikikata nyasi na kupima, nikikata na kupima, mpaka mgongo wangu ukaanza kuniambia kabla ya redio kwamba mvua inakuja.

Hesabu yangu ilisema kilo mbili za majani mabichi kwa kila fremu. Fremu ni mraba wa waya mnene, mita moja kila upande, unaulaza juu ya nyasi, unakata kilichomo ndani, unapima. Kilo mbili kwa mkato mmoja si mbaya, ni nzuri, hasa kwa mvua hizi zetu za kubahatisha. Ila, tuseme ukweli, kilo mbili haimshangazi mtu yeyote, na mimi nilikuwa nimefika mahali pa kutamani mtu mmoja tu ashangae.

Hasa mama mkwe wangu. Mami ni mfugaji, anaishi Ruiru, pale ambapo zamani palikuwa kahawa na sasa ni magorofa ya kupangisha, na katikati ya magorofa hayo ana boma la ng'ombe wawili ambalo wapangaji wa jirani hulilalamikia asubuhi kwa sababu ya harufu kisha jioni wanatuma watoto na chupa za maziwa. Ng'ombe hao wanakula nepia kutoka kwenye kipande chake kidogo kinachoteremka hadi mtoni. Hana kingine. Kwa desturi yetu mimi na yeye hatutaniani, yeye ni muthoni wangu, yaani mkwe, namheshimu na yeye ananiheshimu, ananiita Baba Wambui kwa jina la binti yangu mkubwa na mimi namwita Mami nikiwa nimetazama pembeni kidogo, na katika heshima hiyo yote nilijua vizuri kabisa kwamba haelewi kwa nini binti yake aliolewa na mtu wa majani.

Basi kikundi chao cha akina mama wafugaji kikaandika kwamba kingependa kuja kituoni kuiona nyasi mpya, na wakiipenda wanunue mbegu, wapande mvua ndefu zikianza. Bosi wetu, Daktari Mutua, alifurahi, akaniambia niandae shamba la maonyesho, lipandwe kizazi kile kile ambacho wakulima watauziwa, na ubao mkubwa mbele wenye makadirio yangu. Nikapanda. Ikamea vizuri. Halafu fuko akaingia.

Sijui kama mnamjua fuko. Humwoni. Unaona tu kichuguu cha udongo mwekundu asubuhi, kesho kingine, na nyasi iliyokuwa imesimama inalala kama mtu aliyezimia kwa sababu huko chini mizizi imekwisha. Huyu wetu aliamua kuanzia katikati ya shamba. Alipokamatwa alikuwa ameacha pengo pana, pembeni yake mapengo madogo madogo, na mimi nikasimama hapo nikitazama shamba langu la maonyesho lenye upara.

Na hapa ndipo penye uamuzi wangu mdogo. Ilikuwa Ijumaa, mtoto wetu mdogo alikuwa na homa na nilikuwa sijalala vizuri wiki nzima, niko tu pale nyuma ya kitalu natafuta jembe, nikaiona miche iliyobaki ya kizazi cha kwanza, kile chenye nguvu, imekaa kwenye mikebe ikingojea kutupwa. Imenona, ina udongo mzuri, imemwagiliwa kila siku. Nikajiambia, hili ni shamba la kutazamwa tu, si la kupimwa, wageni watakuja waone kijani wapige picha waende, nani ataumia. Mtu wa kazi yangu akisikia hapo anajishika kichwa, maana sheria ni kwamba pengo linajazwa na kizazi kile kile au linaachwa lilivyo, na nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wa chuo kutoka Juja sheria hiyo hiyo kwa sauti kubwa. Nikabeba mikebe. Nikajaza mapengo yote. Na kwa kuwa udongo wa fuko ulikuwa umelegea, nikaongeza konzi moja ya samadi kwenye kila shimo, isije ikafa nikaonekana mzembe.

Nilikusudia kuweka vijiti vya alama. Vijiti vilikuwa vimeisha stoo.

Siku ya wageni ilifika na jua kali. Akina mama walishuka kwenye basi la kukodi wakiwa wamevaa sare zao za kanisani, vitambaa vyeupe kichwani, mwenyekiti wao Mama Shiro mbele na Mami nyuma yake. Mami alinisalimia kwa mkono, akauliza watoto, akatazama shamba lote polepole kutoka huku mpaka kule. Niliona ametikisa kichwa kidogo, ile namna ya kukubali, na moyo wangu ukafanya kitu ambacho haukuwa umefanya tangu nipewe barua ya kazi. Miche yangu ya kujazia, hebu niseme, ilikuwa imekua kuliko nilivyodhani. Ilikuwa imesimama katikati ya shamba juu ya wenzake kama watoto wa tajiri kwenye shule ya kijiji. Lakini ukiwa mbali na hujui unachotafuta, unaona tu shamba limestawi katikati.

Hotuba zikapita. Nikaeleza kuhusu wazazi sita, nikaeleza kuhusu nguvu kushuka, nikaonyesha ubao, kilo mbili, wakaandika. Mama Shiro akasema wamekubaliana tayari kwamba kila mmoja ataitoa nepia yake sehemu ndogo tu, robo ya kipande, ajaribu nyasi mpya hapo, na nikasema moyoni kwamba huyo ni mama mwenye akili. Tulikuwa tumebakisha soda na chapati. Halafu Daktari Mutua, ambaye hajawahi kuona maikrofoni akaiacha, akasema kwamba maneno matupu hayashibishi ng'ombe, kwa hivyo tupime hapa hapa kila mtu akiona.

Sijui kama mmewahi kuhisi jasho likitoka nyuma ya masikio.

Sasa sisi kwenye kupima tuna desturi. Huchagui mahali, kwa sababu jicho litachagua pazuri. Unalipa shamba mgongo na unairusha fremu nyuma juu ya bega, inapoangukia ndipo unapokata. Daktari akaomba mgeni mmoja arushe, na wale akina mama kwa umoja wakamsukuma Mami mbele, kwa sababu yeye ni mama wa mwenye nyasi. Mami akakaza leso kiunoni, akageuka, akairusha ile fremu kwa nguvu za mtu aliyelima maisha yake yote, na mimi nikaitazama ikipaa na nikaomba ianguke barabarani. Ilianguka katikati kabisa ya pengo la fuko.

Tukakata. Mizani ikasema kilo tatu na kidogo.

Daktari aliangalia mizani, akaangalia ubao, akaangalia mizani tena. Akasema turudie mahali pengine, na hapo nikapata matumaini, lakini Mama Shiro akarusha kwa woga na fremu ikaangukia ukingo wa pengo lile lile, na mizani ikasema karibu tatu. Daktari akanishika bega akacheka kwenye maiki kwamba mtaalamu wetu huyu ni mtu wa woga, ameandika mbili wakati nyasi inampa tatu. Wote wakacheka. Wakanigeukia nijieleze, na hapo ndipo nilipaswa kusema, mdomo ulikuwa wazi tayari, ulimi uko mahali pake, na nilichosikia kikitoka ni kwamba mvua ilikuwa nzuri. (Mvua! Msimu ule tulimwagilia shamba lile kwa bauza la maji mpaka dereva akaomba likizo.)

Mnajua jambo likishaachiwa halikungoji. Mama Shiro akachukua maiki akasema, kwa Kiswahili cha mikutano ya kanisa, kwamba kama ni hivyo basi robo ya nini, akina mama, nyasi inayotoa tatu hata ikiwa kwa vipande vyetu hivi vidogo inatosha, tutoe nepia yote kabla ya mvua tusipoteze msimu, wanaokubali wainue mikono. Mikono ikainuka. Ya Mami pia.

Nataka mwelewe kilichokuwa ndani ya mikono ile. Mtu mwenye ng'ombe wawili na kipande cha ardhi kama uwanja wa kuegesha magari hana mahali pa kukosea. Akipanga kwa tatu akapata mbili, mvua ikikatika atakuwa anasimama barabarani kungoja mkokoteni wa majani ya kununua, na mwezi ukifuata anauza ng'ombe mmoja amlishe wa pili. Nilikuwa najua hilo kwa uhakika kabisa, kwa hesabu, na nilikuwa nimesimama hapo nimeshika soda.

Kisha wakaanza kuimba. Walikuja wakinizunguka, wakapiga ngemi, vile vigelegele vyetu, Mama Shiro akatoa shuka jekundu jipya bado likiwa na mikunjo ya dukani akanivisha mabegani, na ikabidi nicheze. Hata harusini kwangu nilicheza kidogo kuliko nilivyocheza pale. Daktari alikuwa akipiga picha, na kabla wimbo haujaisha nikahisi simu ikitetemeka mfukoni, ni Njoki, picha imeshapita kwenye kundi la ofisi ikamfikia mke wa mtu fulani ikamfikia yeye, na ameandika kwamba Mami amempigia simu kutoka huko shambani, na katika maisha yake yote hajamsikia mama yake akimsifu mtu namna hiyo. Niliisoma nikiwa nacheza. Nilitamani fuko angerudi anichukue.

Sijui ningefanya nini kama siku ingeisha hivyo hivyo. Labda ningenyamaza, nimelifikiria sana hilo na sipendi jibu. Lakini mkutano wa akina mama haufungwi bila sala, na sala ya kufunga alipewa Mami. Tukainamisha vichwa. Mami ana sauti ndogo ya chini, na alianza polepole kushukuru kwa safari na kwa jua na kwa chakula, halafu akasema, "Na huyu muthoni wetu, Baba, wengine wetu tulikuwa tunaona kazi yake kama mchezo. Utusamehe. Asante kwa hizo kilo tatu tumeona na macho yetu."

"Mami, ngoja kidogo," nikasema.

Mimi. Katikati ya sala. Mama mkwe wangu akiongea na Mungu. Nilifungua macho nikakuta vitambaa vyeupe vyote vimeinuka na kila jicho liko juu yangu, na Mami mikono yake bado iko wazi mbele yake, hajui aishushe au aiache. Daktari alinitazama kama mtu anayemtazama dereva wake akiacha barabara. Kwa kuwa sikuwa na maiki ikabidi niseme kwa sauti kubwa, na nikaambiwa baadaye na wapishi kwamba hata wao walisikia.

Nikawaambia kwamba hizo kilo si za mbegu watakayouziwa. Nikawaonyesha pale fuko alipokula, nikasema mimi mwenyewe ndiye niliyejaza kwa miche ya kizazi cha kwanza, na samadi juu, ili pasionekane vibaya, na kwamba miche hiyo hatuna mbegu yake ya kuuza na hata tungekuwa nayo mwaka wa pili ingeshuka. Nikasema watoe robo tu kama walivyopanga asubuhi. Mama mmoja mrefu aliyekuwa nyuma akauliza, taratibu kabisa, "Kwa hivyo ile ya ubao ndiyo ya kweli, na mizani ndiyo ilidanganya?"

"Mizani haikudanganya, mama," nikasema. "Ni mimi niliipatia kitu si chake."

Tulipima tena, safari hii mimi nikiwaongoza hadi kona ambayo fuko hakufika, na mizani ikasema mbili kasoro kidogo. Hakuna aliyepiga ngemi. Daktari alikuwa amesimama kando akijaribu kufuta picha kwenye simu, na kila akifuta moja nadhani mtu mwingine alikuwa anaituma upya. Mama Shiro akanijia. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba ningewaambia asubuhi, wangenielewa, fuko hata kwao wako, kisha akanyoosha mkono akalitoa shuka mabegani mwangu kwa adabu, akalikunja kwa mikunjo ile ile ya dukani, akasema wataliweka kwanza. Nimewahi kukosolewa mbele ya maprofesa, lakini hakuna kilichowahi kuniuma kama lile shuka likikunjwa.

Basi likaondoka. Mami alibaki, kwa sababu tangu mwanzo ilikuwa imepangwa nimpeleke mimi kwa pikapu ya kituo, nimbebee na mfuko wa mbegu. Ningetoa chochote mpango huo usahaulike. Kutoka Thika mpaka Ruiru si mbali, mnajua, lakini siku hiyo barabara ilikuwa imerefushwa na mtu. Pale Juja nikajaribu kusema kuhusu joto. Akasema, "Ii." Akageukia dirisha.

Tulipofika nilibeba mfuko nikamfuata nyuma ya nyumba, nikipita kando ya boma, ng'ombe wakiwa wanatafuna mabua makavu ya mahindi, jambo ambalo nililiona na sikulifikiria. Kisha nikakiona kipande chake cha kuteremka mtoni. Hakikuwa na nepia. Hakukuwa na hata shina moja. Kilikuwa kimelimwa chote, udongo mwekundu umepasuliwa hadi kwenye ukingo wa maji, na visiki vya nepia vimerundikwa kwenye kona vikikauka na mizizi yake juu.

Nikaweka mfuko chini. Nikamuuliza nepia iko wapi.

"Niliitoa Jumanne," akasema.

"Jumanne, Mami? Kabla ya leo?"

Akanitazama kama aliyeulizwa swali la kitoto. Akanikumbusha kwamba aliponipigia simu kuuliza hali ya mtoto, wakati ule wa homa, aliniuliza pia hiyo nyasi yangu inatoa ngapi, na mimi nikamwambia mbili, nisiahidi zaidi. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilimjibu nikiwa nimembeba mtoto begani, ni neno tu la kujibu simu. Yeye alienda nalo, akapima kipande chake kwa miguu, akahesabu ng'ombe wake, akaona mbili inamtosha vizuri, akaongea na dada yake wa Gatundu ampe mabua ya kusukumia siku mpaka nyasi ishike, na akatafuta mtu wa kulima. Hakungoja siku ya wageni. Mkono aliouinua pale ulikuwa wa kuwafuata wenzake tu, yeye alikuwa ameshamaliza.

Nikasema, kwa upole kadiri nilivyoweza, kwamba angengoja kwanza aone.

"Nione nini? Si ni wewe uliniambia?" Kisha akaangalia ule udongo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikaona ana wasiwasi. "Baba Wambui, unijibu vizuri. Hiyo mbili ya simu, na yenyewe kuna mahali umejaza?"

"Hapana, Mami. Hiyo haina kitu kimejazwa. Ni mbili."

"Basi sijaharibu."

Nilitaka kulia, na siwaambii kwa ajili ya kupamba hadithi. Mwanamke huyu ambaye niliamini ananidharau alikuwa ameng'oa chakula chote cha ng'ombe wake kwa neno langu moja la kwenye simu, na mimi niliyeikokotoa namba hiyo kwa miaka yote ile sikuiamini vya kutosha kuiacha isimame peke yake mbele ya wageni. Niliona aibu mpya kabisa, iliyoifanya ile ya mchana ionekane kama mzaha.

Nilikuwa nainama kuchukua mfuko nimwage mbegu kwenye pipa aliponigusa mkono, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

"Wewe ulinikatiza," akasema. "Fumba macho."

Nikafumba. Tukasimama hapo kwenye udongo uliolimwa, wapangaji wakitutazama kutoka kwenye vibaraza vyao juu, na Mami akaendelea na sala yake kuanzia pale pale nilipomkatizia, kwa sauti ile ile ya chini, akashukuru kwa kilo mbili.

Tangu siku hiyo sijazi pengo. Fuko akila, panabaki wazi, na mgeni akiuliza hapa pana nini, namwambia hapa fuko alikula. Na kama nitawahi kutamani tena mtu ashangae, naomba mmoja wenu anipigie simu aniambie nirudi nyumbani nilale.